Ng'ombe Wangu, Mgongo Wako

Leeds, Uingereza
Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi

Mdogo wangu Felista, Mama Aika,

Hujambo? Mgongo umeamkaje? Usinishangae kuanza na mgongo kabla ya watu, maana huo mgongo ndio umenikalisha hapa mezani na koti langu bado liko mwilini. Haya, na watu sasa. Mama mpe shikamoo yangu, magoti yake yanaendeleaje na hiyo baridi ya huko juu? Aika kile kikohozi kimeisha? Mwambie asilale na nywele mbichi. Na Baba Aika hajambo? Yeye nitamfikia, asiwe na haraka.

Mimi mzima kabisa. Mashavu yamejaa, kiuno kimerudi mahali pake, nalala kama mtoto aliyeshiba mtori. Kinachonisumbua ni kimoja tu, nacho ni nyie.

Ningepiga simu, lakini simu ya kaka Prosper mpaka apande kule juu karibu na mfereji ndio inashika, halafu tunaanza, hujambo, na wa huko hawajambo, na mvua imenyesha, mara vocha imekwisha na mimi bado sijasema neno. Karatasi haikatiki. Kwa hiyo weka chungu pembeni, kaa, lakini usikae kwenye kile kigoda kifupi, kinakuumiza. Kaa kwenye kiti cha Baba Aika. Akiuliza, sema Skola amesema.

Sasa ngoja nirudie kueleza ile mashine, maana barua ile ya mwanzo nilieleza vibaya, ndio maana mume wako akataka kukuundia yake kwa springi za lori kutoka Himo. Springi za lori, Felista! Angekurusha mpaka Kenya bila pasi.

Unajua nafanya usafi mahali pa mazoezi. Yule mama niliyemlelea watoto tangu wakikaa Moshi ndiye aliyenipeleka pale, watoto wake walipokua na mimi nikabaki sina wa kumwogesha. Ni ukumbi mmoja tu, madirisha makubwa, na ndani kuna vitanda vimejipanga. Kila kitanda chembamba, kirefu kama benchi la kanisani. Juu yake kuna godoro dogo limekaa kwenye magurudumu, linateleza mbele na nyuma kama droo ya kabati. Chini ya godoro zimefungwa springi, nyingine ngumu, nyingine laini. Upande wa miguuni kuna chuma cha kukanyagia, na upande wa kichwani kuna kamba mbili zina vitanzi, unaingiza mkono au unaingiza mguu. Unalala chali, unasukuma, godoro linakwenda, springi zinakurudisha. Ndiyo hiyo wanaita rifoma, na mazoezi yenyewe ndiyo pilatesi. Hakuna uchawi.

Mimi mwenyewe nilivifuta vile vitanda tangu theluji mpaka miti ikatoa majani, sijawahi hata kuegemea. Nilikuwa nawaangalia nasema moyoni, watu hawa wana vitanda vyao nyumbani, wanakuja kulipa ili walale hapa wakirusha miguu? Kweli ukishiba unatafuta kazi. Nilikuwa nawasimulia wenzangu kwenye basi, tunacheka mpaka tunapitiliza kituo.

Lakini mgongo wangu unaujua ulikotoka. Ni huo huo wako. Tumeuleta pamoja kutoka kule tambarare tukiwa wasichana, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mundu kiunoni, mwinuko wote ule mpaka kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, na Mama huku nyuma anasema msitue njiani, mkitua hamtauinua tena. Hatukutua. Basi siku moja napiga deki, nimeinama hivi kuingiza fagio chini ya kitanda, mgongo ukafunga. Krak. Nikabaki pale nimeshikilia mpini, siwezi kwenda juu wala chini.

Mwalimu wa pale anaitwa Janeti, mwanamke mwembamba, sauti ya chini, huwezi kumsikia akipita. Akaniona.

"Skola, una nini?"

"Sina kitu. Napumzika."

"Unapumzika umekunjwa?"

"Kwetu tunapumzika hivi."

Akacheka, akanishika kiuno na bega, akanipeleka kwenye kitanda. "Lala."

"Nilale kazini? Bosi akija je?"

"Bosi ni mimi. Lala."

Nikalala. Akanivua viatu yeye mwenyewe, nikaona aibu maana soksi ya kushoto kidole kilikuwa nje kinasalimia watu. Halafu anasema niweke miguu kwenye kile chuma. Na nilikuwa nimevaa sketi, Felista! Nikaikamata sketi kwa mikono yote miwili kama mtu anavuka mto.

"Achia sketi, tupo wanawake tu."

"Na Mungu je?"

"Yeye ameshakuona."

Nikaachia. Akaniambia nivute pumzi mpaka mbavu zifunguke huku pembeni, si kifuani juu, pembeni. Nikitoa pumzi nivute tumbo la chini ndani kama ninafunga zipu ya sketi iliyonibana. Sasa sukuma. Mimi nikasukuma kwa nguvu zote nilizonazo, godoro likaenda likagonga mwisho, pwaa, likarudi pwaa. Janeti ananiambia, "Polepole Skola, hakuna anayekufukuza."

Hapo ndipo iliponishika, mdogo wangu. Hakuna anayekufukuza. Mimi sijawahi kuambiwa hivyo na mtu tangu nizaliwe. Sisi kila kitu tumefanya tunafukuzwa, jua linatufukuza, mvua inatufukuza, Mama anatuita, mtoto analia. Nikasukuma polepole. Godoro likaenda laini, likarudi laini, na mgongo ukawa umelala wote chini bila kubeba chochote. Nikasikia kama mtu amenitua mzigo ambao nilikuwa nimesahau kama niko nao.

Tangu hapo Janeti ananipa nafasi nikimaliza usafi, kabla wateja hawajaja. Nimenunua suruali ya mazoezi mitumba, ya kijani, usimwambie Mama. Na usifikiri ni lelemama. Siku moja nilimwambia aniondolee springi mbili ili iwe rahisi. Akaziondoa huku anatabasamu. Mwenzangu! Nilitetemeka kama nimeona chui. Kumbe springi zikiwa nyingi ndizo zinakubeba, zikipungua unabaki kujibeba mwenyewe, na ile misuli ya ndani ya tumbo ambayo hujawahi kuitumia ndiyo inaamshwa. Kesho yake nilicheka kitu kwenye basi, nikashika tumbo kwa maumivu. Maumivu matamu lakini, si yale ya kukata.

Haikuwa siku moja wala mbili. Ilianza asubuhi moja nikavaa soksi nimesimama. Nikakaa chini nikajiuliza, hivi nimefanya nini? Baadaye nikaona ngazi za nyumbani nazipanda bila kusimama katikati kujifanya naangalia picha ukutani. Bega halipigi kelele. Hata kutembea nimebadilika, shingo iko juu, yule mama wa Kiganda tunayekaa naye akaniuliza kama nimepata mchumba.

Na kichwa, Felista. Kichwa ndio zaidi. Wewe unajua mdomo wangu ulivyo, lakini hujui kwamba usiku ulikuwa unaongea peke yake. Nikilala naona paa la nyumba ya Mama limebebwa na upepo, naona kaburi la Baba limeota magugu, naona wewe umeanguka porini na mzigo. Naamka nimekaza meno. Sasa pale juu ya kitanda huwezi kuwaza hayo. Pumzi inatakiwa, tumbo linatakiwa, miguu iende sawa, bega lisipande, hakuna nafasi ya kuweka paa la Mama. Ni mahali pekee nanyamaza. Janeti anasema nikitoka pale hata uso unakuwa mwingine. Nimeacha kukaza meno. Nalala.

Kuna bibi mmoja pale, Doroti, ni wa rika la bibi yetu kama angekuwepo. Alivunjika nyonga. Alikuja ameshikwa huku na huku. Sasa anakuja na basi peke yake, analala pale anapiga miguu juu kwenye vitanzi kama kijana, halafu ananifokea nimefuta kitanda chake vibaya. Namwangalia nasema, na mdogo wangu ambaye hajafikisha hata nusu ya huyu anashika ukuta kuinuka.

Ndio maana nilikuandikia. Ndio maana nikakuchorea vile vikatuni vya mtu amelala kwenye mkeka, maana najua rifoma huko hakuna, lakini kuna mambo mengi unafanya chini bila mashine na Janeti mwenyewe ndiye aliyenichagulia, nilimweleza ulivyo. Akauliza, mguu unakufa ganzi? Nikasema ndiyo, daktari wa huko amemwambia asibebe mzigo kabisa mpaka ganzi iishe, asipoacha ataishia kupasuliwa mgongo au kuburuza mguu. Janeti akasema basi daktari kwanza, mazoezi baadaye tena taratibu, na mzigo hata siku moja. Mazoezi hayashindani na mzigo, akasema. Huwezi kujaza ndoo huku mtu anaitoboa.

Nikatuma na hela kidogo, nikaandika wazi kabisa: hizi ni za mabua ya gari. Ile pikapu inayopanda na mabua na majani kutoka chini, iwe inashusha hapo mlangoni, Felista asiende tena porini. Niliandika hivyo au sikuandika?

Sasa mmefanya nini?

Kwanza wewe. Umeniandikia barua unacheka, eti ulitandika mkeka uwanjani, ukalala chali, ukainua miguu, wakatokea akina mama wa jumuiya wamekuja kwa sala, hukukumbuka kama ilikuwa zamu ya nyumba yako. Mwenyekiti wenu akapiga yowe, "Mama Aika anakata roho!" Wakatupa kanga chini, wakapiga magoti, rozari zikatoka. Na wewe, mtoto wa mama yangu, badala ya kuinuka useme jamani niko kwenye mazoezi, ukaona haya, ukafumba macho ukangoja wamalize! Matendo yote ya uchungu umelala pale! Nilicheka mpaka machozi, sikatai. Halafu nikasoma mbele, kicheko kikanikauka. Eti ulipoinuka wakapiga vigelegele, na sasa parokia nzima inajua Mama Aika aliombewa akapona. Na kwa kuwa umepona, hakuna tena wa kukuonea huruma. Mama mkwe wako anasema, aliyeinuliwa na Bikira Maria anashindwaje kuinua mzigo wa majani? Na wewe umenyamaza. Tena umeacha mazoezi, eti wakikuona tena chini watajua uliwadanganya.

Felista, hukuwadanganya. Walikusanyika wenyewe. Nenda kwa mwenyekiti, mwambie ninawashukuru kwa sala, sala imenipa nguvu ya kufuata alichosema daktari, na daktari amesema nisibebe. Sala na mazoezi havigombani. Mimi nasali rozari nikiwa na miguu kwenye vitanzi na hakuna aliyenirudishia.

Halafu mume wako. Alinipigia kwa simu ya Prosper, nikashangaa, maana Baba Aika kupiga simu mwenyewe ni kama kuona kilele cha Kibo mchana wa masika.

"Shemeji! Nina habari njema!"

"Felista amepona mguu?"

"Tumekuwekea ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Wako! Chotara, mweusi na mabaka meupe. Ana mimba. Zile hela zako zimetosha, nimeongezea na zangu kidogo. Dada hawezi kukaa huko ng'ambo miaka yote hana hata kwato moja nyumbani, watu watasema hana kwao."

Hakungoja nijibu. "Tumempa na jina lako," anasema, "tunamwita Skola, maana naye hanyamazi."

"Baba Aika," nikasema, "na majani anamletea nani?"

Nikasikia upepo wa kule mferejini.

"Si yupo Mama Aika? Na sasa ameombewa, yuko vizuri tu."

Vocha ikaisha. Mungu alinihurumia, maana nilichokuwa nakwenda kusema nisingeweza kukiungama.

Elewa kitu. Simchukii. Najua alifanya kwa heshima, na najua kahawa imekufa bei, hao wanunuzi wapya wanakuja na mizani yao wanapanga wanavyotaka, ameng'oa mibuni ya baba yake kwa mikono yake na ada ya shule sasa inatoka kwenye chombo cha maziwa. Hesabu yake ni maziwa. Naielewa. Lakini katika hesabu yake ng'ombe mmoja ni mzigo mmoja, ng'ombe wawili ni mizigo miwili, na shingo inayobeba ni moja, na shingo hiyo ni ya kwetu. Nilituma mzigo upungue, yeye akaongeza mlaji! Nikikumbuka, mpaka Janeti ananiambia bega limepanda juu sikioni, Skola, leo umekuja na nani hapa kitandani? Namwambia nimekuja na ng'ombe. Kwa mara ya kwanza springi zimeshindwa kuninyamazisha.

Basi nimekaa, nimepumua hadi mbavu za pembeni, nimefikiri. Kuanzia hapa msomee Baba Aika kwa sauti, na mama mkwe wako awepo.

Shemeji yangu Baba Aika, asante kwa ng'ombe. Umenipa heshima na nimeipokea mbele ya watu wote. Ng'ombe ni wangu, umesema mwenyewe na wameshasikia mpaka sokoni. Sasa wewe ni mtu mzima, unajua ng'ombe wa kuwekwa anavyokwenda kwetu. Unamweka kwa mtu, yule mtu anakamua, mbolea inabaki kwenye migomba yake, na ndama mnagawana. Lakini mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Akiona ng'ombe wake hatunzwi anavyotaka, anakuja na kamba anamchukua, na hakuna wa kumuuliza. Nami ninavyotaka ni hivi: ng'ombe wangu asile hata jani moja lililopita kichwani kwa mdogo wangu. Wala yule wenu wa zamani.

Utasema mwanaume akibeba majani watu watacheka. Usibebe kichwani basi, beba begani. Nunua ya pikapu. Na pale ulipong'oa mibuni panda majani ya tembo, masika haya haya, yakiota utakata hatua chache kutoka zizini kwa mundu wako na hakuna atakayekuona ila kuku. Ukifanya hivyo, ndama wa kwanza ni wako wote, sigawani na wewe, Prosper awe shahidi.

Usipofanya, nimeshaongea na Prosper. Alisita sana, alisema, "Dada, nikamtoe ng'ombe kwa watu mchana kweupe?" Nikamwambia mchana kweupe, tena Jumapili, tena misa ya pili ikitoka. Atakuja baada ya Pasaka. Akikuta majani uliyoleta wewe, mpe mbege anywe arudi kwake. Akimkuta Felista na mzigo, au akiona alama ya kata ya kubebea mzigo kwenye nywele zake, anafungua kamba. Anapita na ng'ombe njia kubwa, mbele ya kanisa, mbele ya kilabu cha pombe, polepole, na ng'ombe huyo umesema hanyamazi. Kila mtu atajua ni wa nani na ametoka zizi la nani. Na wewe unajua watu wanasema nini juu ya nyumba ambayo ng'ombe wa kuwekwa ameondolewa. Wanasema mle ndani walishindwa hata na majani. Chagua kicheko unachokiweza, shemeji. Cha begani au cha barabarani.

Prosper atamlisha mwenyewe, ana majani ya tembo nyuma ya jiko, na anakata kwa mkono wake tangu zamani. Mbona hajaota matiti?

Mwisho wa kusoma kwa sauti. Sasa mimi na wewe.

Usilie. Najua unalia, unafikiri nimekuvunjia nyumba. Baba Aika si mtu mbaya, ni mtu anayeogopa kilabu. Mpe muda akasirike, atazunguka migomba siku mbili tatu, usimfuate na maneno matamu. Na usimsaidie! Nakujua. Utamwona anahangaika na mzigo njiani utasema lete nikushikie kidogo. Usishike. Hata jani.

Mazoezi fanyia ndani, mlango umefungwa, kama unaona aibu. Lala kwenye mkeka, magoti juu, nyayo chini. Vuta pumzi pembeni, toa, funga ile zipu ya tumbo. Inua kiuno kidogo kidogo, mfupa mmoja mmoja, kama unabandua andazi kwenye sinia, kisha rudisha hivyo hivyo. Ukisikia mguu unakufa ganzi acha hapo hapo, rudi kwa daktari, usiniambie ulivumilia. Nimechoka na neno kuvumilia. Polepole. Hakuna anayekufukuza. Ikikutoka machozi mwanzoni usiogope, pale kwa Janeti kuna dereva wa lori, mwanaume mkubwa mwenye shingo kama gogo, siku ya kwanza alilia, hakujua kwa nini, na kesho yake alirudi.

Nisalimie Mama, mwambie suruali ya kijani ni uzushi. Nisalimie kaka Prosper, mwenye kamba. Mama mkwe wako mpe shikamoo, mwambie simgombi, ila naye alibeba majani, na ajipapase mwenyewe pale kiunoni aseme kama hapaumi. Mwenyekiti wa jumuiya namwombea afya, moyo wake ni mzuri ila macho apimwe. Aika mbusu, na umkataze kubeba mzigo wa majani tangu leo, hata ule mdogo wa mchezo. Uishie kwako.

Na Jumapili hiyo, ikiwa Baba Aika hajabadilika na ukasikia ng'ombe analia njia kubwa, watu wanatoka kuchungulia, wewe usitoke kumsindikiza wala kumwomba Prosper. Funga mlango. Tandika mkeka. Inua miguu.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda na kukugombeza,
Skola